Aliyepanda treni ya mizigo hakujitakia kifo

Kila mara treni ya mizigo inapoanguka Kongo, jibu moja hutangulia hata kabla maiti hazijazikwa: waliokufa walipanda bila ruhusa. Hawakuwa na tiketi. Treni haikuwa ya abiria. Maana yake inaeleweka hata isipotamkwa: walijitakia wenyewe.

Ndivyo ilivyokuwa Machi 2022 huko Buyofwe, jimbo la Lualaba, ambako watu zaidi ya 70 walikufa katika treni ya mizigo. Waliitwa wapandaji wa siri. Lakini mamia ya watu wakiketi juu ya mavagoni mchana kweupe, siri iko wapi? Mashinisti anawaona. Mkuu wa kituo anawaona. Watoto wanaouza ndizi kando ya reli wanawaona. Siri hiyo huzaliwa siku ya ajali tu, kwa sababu mtu wa siri hana wa kumlipa fidia.

Kwa familia zilizokimbia vita, jambo hili si la kusimuliwa tu. Mama aliyeacha kijiji chake usiku, akiwa na watoto na godoro moja, hachagui kati ya treni nzuri na treni mbaya. Anachagua kati ya treni iliyopo na kubaki. Sehemu nyingi barabara ni tope, na lori linadai pesa ambazo hana. Anapanda juu ya magunia, anafunga mtoto kwa kitenge, anaomba Mungu. Kumwambia mama huyo kwamba kosa ni lake ni kumzika mara mbili.

Wanaomlaumu wana hoja ya pili, na hii huvutia hata watu wenye nia njema: mashine zimezeeka, nchi ni maskini, kwanza treni itembee, usalama utakuja baadaye. Hoja hiyo inajibiwa na historia ya treni yenyewe, tangu siku zile mashine za mvuke zilipoanza kubeba watu.

Oktoba 1829, huko Rainhill, Uingereza, wenye reli ya Liverpool na Manchester walifanya shindano la kutafuta mashine bora. Ilishinda Rocket, iliyotengenezwa na Robert Stephenson. Ndani ya tangi lake la maji zilipita bomba 25 za shaba zikibeba moto, ili maji yachemke haraka. Mvuke uliokwisha kazi ulitupwa kwenye bomba la moshi, na kwa kutoka kwa nguvu uliuvuta moto uwake zaidi. Mashine hiyo nyepesi, isiyofika tani 5, ilipita kilomita 40 kwa saa, na dunia ikashangaa.

Lakini zitazamwe sheria za shindano hilo. Kila mashine ilitakiwa kuwa na vali mbili za usalama za kupunguza mvuke, na moja iwekwe mahali ambapo mashinisti hawezi kuigusa kabisa. Waandaaji walijua kwamba mtu anayeharakishwa na bwana wake anaweza kuikaza vali ili apate nguvu zaidi, hata tangi likipasuka. Hawakumwambia mashinisti awe mwangalifu tu. Walimwondolea nafasi ya kukosea. Mwaka 1829, treni ya abiria ikiwa bado mtoto mchanga, watu walijua tayari kwamba usalama hutengenezwa ndani ya mashine na kuandikwa ndani ya sheria.

Kwa tangi walifikiri vizuri. Kwa watu, bado. Rocket haikuwa na breki. Siku reli ilipofunguliwa, tarehe 15 Septemba 1830, mbunge William Huskisson alishuka njiani wakati treni yake imesimama, na Rocket ikaja kwenye reli ya pili. Mashinisti hakuwa na njia ya kuisimamisha ila kugeuza mwendo wa mashine, na muda haukutosha. Huskisson alivunjwa mguu, akafa jioni ile ile.

Miaka iliyofuata maskini wa Uingereza walisafiri jinsi maskini wa Kongo wanavyosafiri leo. Katika reli nyingi, daraja la tatu lilikuwa vagoni wazi, bila paa, mara nyingine bila viti. Kampuni nyingine haikuwataka kabisa katika treni za abiria, ikawafunga pamoja na mizigo.

Usiku wa kuamkia tarehe 24 Desemba 1841, treni ya mizigo ilitoka London. Nyuma tu ya mashine yalifungwa mavagoni ya daraja la tatu, na nyuma ya hayo mavagoni mazito ya mizigo. Waliokaa humo wengi walikuwa mafundi wa mawe wakienda kwao kwa Noeli. Mbao za pembeni zilikuwa za futi 2 hivi, hazimfiki mtu mzima kiunoni. Huko Sonning, karibu na Reading, mvua ilikuwa imeporomosha udongo juu ya reli. Mashine ikagonga udongo, ikasimama ghafla. Mizigo ya nyuma haikusimama. Mafundi walibanwa katikati, wengine wakarushwa nje. Walikufa 9.

Kazi waliyotoka kuifanya mafundi hao ilikuwa kujenga nyumba mpya ya bunge la Uingereza.

Je, waliambiwa walijitakia? Baraza la wananchi lililochunguza vifo hivyo lilisema ilikuwa ajali, lakini lilitaka faini ya pauni 1,000 iwekwe juu ya mashine na mavagoni, kama desturi ya zamani ilivyoruhusu. Hawakuwatoza marehemu. Na mwaka 1844 bunge lilitunga sheria: kila kampuni mpya ya reli ya abiria iendeshe walau treni moja kila siku, kwenda na kurudi, isimame kila kituo, iende walau kilomita 19 kwa saa, na nauli isizidi peni moja kwa maili. Vagoni iwe na viti na ikinge abiria na mvua. Mtoto chini ya miaka 3 asilipe, wa miaka 3 hadi 12 alipe nusu. Kila abiria abebe mzigo wa kilo 25 hivi bila malipo. Serikali nayo iliachia kodi ya nauli hizo. Haikutoa amri tu, ilibeba sehemu ya gharama.

Kampuni zilitii kwa shingo upande. Nyingine zilipanga treni hiyo saa ambazo hazimfai mtu, nyingine zilifunika vagoni na kuacha madirisha madogo kama ya sanduku. Ndiyo tabia ya mwenye nguvu anapolazimishwa. Hata hivyo fundi wa mawe alipata paa na kiti, naye bado ni maskini, na mashine bado ni za makaa na mvuke.

Ufaransa ilijifunza kwa moto. Tarehe 8 Mei 1842 treni iliyojaa watu ilikuwa ikirudi Paris kutoka Versailles, ikivutwa na mashine mbili. Huko Meudon ekseli ya mashine ya mbele ilivunjika, mavagoni ya mbao yakapandana na kuwaka. Milango ilikuwa imefungwa kwa ufunguo kutoka nje, eti abiria wasijiumize kwa kuruka. Walikufa watu zaidi ya 50, na hesabu kamili haijakubaliwa mpaka leo, kwa sababu wengi hawakutambulikana. Mvumbuzi mashuhuri wa bahari, Dumont d'Urville, alikufa humo na mke wake na mtoto wao. Alitambuliwa kwa fuvu, kwa sababu mwenzake wa safari aliwahi kuchukua umbo la kichwa chake. Mtu wa kawaida hana anayehifadhi umbo la kichwa chake. Anahitaji jina lake liwe kwenye orodha ya abiria.

Baada ya moto ule milango iliacha kufungwa kwa ufunguo, na wahandisi wakaanza kuchunguza kwa nini chuma kizuri huchoka na kuvunjika. Hakuna aliyesema kwamba waliokufa wangebaki nyumbani.

Hata breki ilisubiri vifo. Tarehe 12 Juni 1889, karibu na Armagh, Ireland, treni ya matembezi ya watoto wa kanisa ilishindwa kupanda mlima. Wafanyakazi wakaikata vipande viwili. Breki ya wakati ule ilifanya kazi mradi tu imeunganishwa na mashine. Ilipokatwa, ililegea. Mavagoni ya nyuma yakateremka yenyewe, yakagonga treni iliyofuata, na watu kama 80 wakafa, wakiwemo watoto. Mwaka ule ule sheria ililazimisha breki ya namna nyingine katika treni zote za abiria: bomba likikatika, breki zinakaza zenyewe.

Miaka hiyo inahusu nini Kongo? Reli ya Matadi ilimalizika mwaka 1898, baada ya kumeza, kwa hesabu rasmi tu, roho 1,932. Reli ilifika Lubumbashi mwaka 1910, na Kalemie mwaka 1915. Mashine ya mvuke ya kwanza ilipopiga filimbi Lubumbashi, sheria ya paa na viti ilikuwa na miaka 66, na sheria ya breki miaka 21. Waliojenga reli hizi walikuja na ujuzi wote mkononi. Wala usalama haukushindikana kwa sababu ya uzee wa mashine, kwani mashine duni kuliko zote zilizopo leo zilikwisha kuwekewa masharti hayo.

Na bado, Agosti 2007, treni ya mizigo iliyobeba watu ilipinduka Kakenge, Kasai. Walikufa kama watu 100, na habari zilitaja breki zilizoshindwa. Ni Armagh tena, miaka 118 baadaye.

Wengine watasema dawa ni rahisi: askari wawashushe watu wote. Wanaosema hivyo hawajawahi kulala kambini. Ukimshusha mkimbizi kituoni bila kumpa njia nyingine, atapanda mbele kidogo, gizani, treni ikiwa mwendoni, na hapo hatari inazidi. Au atampa askari kitu kidogo, na hatari itabaki ile ile ila imepata bei.

Kinachodaiwa ni kidogo kuliko kile Uingereza ilichotoa mwaka 1844. Treni ya mizigo inayopita sehemu zisizo na treni ya abiria ifungiwe walau vagoni moja yenye paa na viti. Vagoni hiyo isiwekwe katikati ya mashine na mizigo mizito, kosa lililowaua mafundi wa Sonning. Breki zijaribiwe kabla ya kuondoka, na mashinisti awe na haki ya kukataa kuondoka zisipokamata. Majina yaandikwe, hata ya asiye na pesa, ili treni ikianguka familia ijue imlilie nani na imdai nani. Na serikali ibebe sehemu ya nauli ya wahami wa vita.

Shirika la reli linaloacha watu wapande, likijua hawana njia nyingine, limekwisha kuwakubali kama abiria. Deni la abiria hao ni lake, tiketi iwepo isiwepo.