Kifo Kisichoulizwa

Mtu akipotewa na ng'ombe mmoja katika nchi iliyo baina ya Homa Bay na Migori, kijiji kizima huamka. Nyayo hufuatwa mpaka usiku, chifu hupewa habari, na wazee hukaa kitako kuuliza nani alionekana wapi na kwa saa gani. Lakini mtu akikutwa amekufa katika shamba la miwa upande wa Awendo, au akiopolewa ziwani karibu na Mbita hali ana jeraha kichwani, mara nyingi maswali huwa machache kuliko machozi. Husemwa kuwa alilewa, au alianguka, au alijiua, au siku zake zilikuwa zimetimia. Kaburi huchimbwa, wageni hulishwa, kisha kila mtu hurudi katika shughuli zake. Nakuuliza, msomaji: ni haki ya namna gani hii ipigayo mbiu kwa ajili ya ng'ombe na kunong'ona kwa ajili ya mtu?

Neno langu ni moja. Kifo cha ghafula au cha jeuri si mali ya jamaa peke yao, wala si siri ya kituo cha polisi. Ni jambo la watu wote, na hakifai kupewa jina mpaka kimeulizwa mbele ya hakimu, mchana, watu wakisikia.

Sheria ya Kenya haikulisahau jambo hili. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, katika vifungu vya 385 hadi 388, yamwamuru mkuu wa kituo cha polisi, apatapo habari kuwa mtu amejiua, au ameuawa, au amekufa kwa ajali au katika hali ya kutia shaka, ampashe habari hakimu aliye karibu, kisha aende mahali maiti ilipo akachunguze. Mtu akifa mikononi mwa polisi au gerezani, uchunguzi wa hakimu si hiari. Uchunguzi huo si kesi. Hapana mshtakiwa kizimbani, wala hapana afungwaye. Hakimu huuliza tu: marehemu ni nani, alikufa wapi, lini, na kwa sababu gani? Mashahidi huapishwa, daktari hueleza aliyoyaona katika mwili, na jamaa husikia. Maswali ni manne, nayo ni mepesi kuyatamka. Lakini maswali ya namna hii yamewahi kuangusha maneno ya wakubwa.

Tazama mfano ulioanzia hapa hapa Homa Bay. Tarehe 7 Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu kijana, alikamatwa nyumbani kwao kwa sababu ya maneno yaliyoandikwa mtandaoni juu ya mkubwa mmoja wa polisi. Alisafirishwa mpaka Nairobi, safari ya zaidi ya kilomita 300, na siku ya pili yake alikuwa maiti. Polisi walitangaza kuwa alijigonga kichwa katika ukuta wa mahabusu. Kama nchi ingaliishia hapo, kitabu kingalifungwa. Lakini madaktari walipouchunguza mwili wake waliona majeraha ya kichwa, dalili za kukabwa shingo, na maumivu ya mapigo sehemu nyingi. Wakasema hayo si majeraha ambayo mtu hujitia mwenyewe. Tarehe 11 Juni Inspekta Jenerali wa Polisi alisimama mbele ya Seneti akaomba radhi kwa habari ile ya kwanza. Kabla ya mwezi kwisha watu 6, miongoni mwao maofisa wa polisi, walishtakiwa kwa kuua. Kuwahukumu ni kazi ya mahakama, si yangu wala yako. Nitakalo ulione ni hili: neno la kwanza lilikuwa la wenye nguvu, nalo halikuwa kweli, neno la pili lilitoka katika mwili wa marehemu, nalo lilishinda.

Mfano mwingine ni wa jirani. Padri John Kaiser, Mmarekani aliyehudumu miaka mingi Kisii na kisha Lolgorien, ng'ambo kidogo ya mpaka wa Migori, alikutwa amekufa kando ya barabara karibu na Naivasha tarehe 24 Agosti 2000, bunduki ikiwa karibu naye. Alikuwa ametoa ushahidi mbele ya Tume ya Akiwumi juu ya ghasia za kikabila. Wapelelezi wa FBI kutoka Marekani walisema mwaka 2001 kuwa alijiua. Jamaa zake na kanisa lake hawakuridhika. Uchunguzi ukafunguliwa mahakamani mwaka 2003, na tarehe 1 Agosti 2007 hakimu Maureen Odero alikata kauli kuwa padri huyo aliuawa. Ofisi tajiri ya taifa kubwa ilisema moja. Hakimu wa Kenya, kwa kusikiliza shahidi mmoja baada ya mwingine, akasema lingine. Hiyo ndiyo nguvu ya swali lililoulizwa mbele ya watu.

Wako wasemao kuwa kazi hii ni bure, kwa kuwa wauaji hawafungwi. Hutaja kifo cha Robert Ouko, Waziri wa Mambo ya Nje, aliyetoweka shambani kwake Koru mwezi wa Februari 1990, na mwili wake kuonekana karibu na kilima cha Got Alila, umechomwa moto na una jeraha la risasi kichwani. Ni kweli kwamba hapana aliyepatikana na hatia. Lakini kumbuka kilichotokea: tume ya jaji Evans Gicheru iliyokuwa ikisikiliza ushahidi ilivunjwa mwezi wa Novemba 1991 kabla ya kumaliza kazi yake. Hapo swali halikushindwa, lilizibwa kinywa. Sasa linganisha na mtoto Samantha Pendo wa Kisumu, mwenye umri wa miezi 6, aliyekufa mwezi wa Agosti 2017 kwa kupigwa polisi walipoingia nyumbani kwao baada ya uchaguzi. Uchunguzi wa mahakama uliachwa uende mpaka mwisho, na mwezi wa Februari 2019 hakimu aliwataja wakubwa wa polisi waliopaswa kuwajibika. Mwezi wa Oktoba 2022 Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma aliidhinisha mashtaka dhidi ya maofisa wa polisi. Mwendo ulikuwa wa kobe, nakubali. Lakini kobe aendaye si sawa na jiwe lililokaa.

Wengine husema kuwa kupasua maiti ni kumvunjia marehemu heshima, na kwamba mila hazitaki. Mimi naziheshimu mila, na kwa sababu hiyo nazikumbusha. Wajaluo, mzee anapofariki, hufanya tero buru: watu hutoka na ng'ombe, ngao na mikuki, wakaenda kupigana na kifo na kukifukuza mbali na boma. Watu waliotoka kwa mikuki kukikabili kifo hawakuwa watu wa kukiangukia kimya kimya. Anayeuliza ni nani aliyemwua ndugu yake hakuiacha njia ya babu zake.

Tena wako wapendao kumaliza mambo nyumbani. Mke amepigwa hata akafa. Wazee huketi, ng'ombe hutolewa, na watoto huambiwa mama yao aliugua. Shimo la dhahabu katika Nyatike limewafukia vijana. Mwenye shimo akinunua majeneza, hesabu huhesabiwa kuwa imelipwa. Kijana amedhaniwa mwizi wa pikipiki, akapigwa mawe sokoni. Kila aliyekuwako husema hakuwako. Wazee wanaweza kupatanisha walio hai. Hawawezi kusamehe kwa niaba ya aliyekufa. Na kifo kikiuzwa leo kwa ng'ombe 10, kesho mwenye ng'ombe 20 ataona kwamba anaweza kununua viwili.

Serikali nayo haina udhuru. Mwaka 2017 Bunge lilipitisha sheria ya kuunda huduma ya kitaifa ya wachunguzi wa vifo, ili kazi hii isitegemee polisi, ambao mara nyingine ndio wanaotuhumiwa. Mwaka 2023, miili zaidi ya 400 ilipofukuliwa katika msitu wa Shakahola huko Kilifi, huduma hiyo ilikuwa ingali maneno katika karatasi. Sheria iliyoandikwa isitendwe ni kama mtumbwi uliochongwa ukaachwa mchangani: haumvushi mtu.

Huenda ukasema, msomaji, kuwa wewe ni mwanafunzi tu na mambo haya ni ya mahakimu. La! Uchunguzi huanza kabla hakimu hajaitwa, nao huanzia kwa yule aliyefika wa kwanza. Ukikuta maiti, usiiguse, wala usiruhusu damu ioshwe kwa kisingizio cha usafi. Kumbuka saa, mahali, na watu uliowaona. Mwambie mzazi wako au mwalimu wako unayemwamini, muende pamoja mkatoe habari, na mhakikishe imeandikwa katika kitabu cha matukio cha kituo. Ukiitwa kuwa shahidi, sema uliyoyaona, usiongeze, usipunguze. Uoga wako ndio ngome ya muuaji.

Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini mficha kifo, ataumbuliwa na nini? Ataumbuliwa na swali peke yake. Basi jifunze kuuliza ungali kijana, na uulize kwa ajili ya maskini kama uulizavyo kwa ajili ya mkubwa; kwa maana nchi ambayo mtu huweza kufa humo bila kuulizwa ni nchi ambayo mtu huweza kuuawa humo bila hofu.