Ndege Zisizo na Rubani na Wachumaji Wetu



Lililotutia kalamu mkononi safari hii ni mabishano tuliyoyakuta barazani Kizimkazi, tulipokwenda kuonana na wanachama wa kusini. Kijana mmoja, ambaye kazi yake ni kuwapeleka wageni baharini kutazama pomboo, alikuwa akisimulia kwamba makampuni ya ng'ambo siku hizi hupeleka vifurushi kwa ndege zisizo na rubani, na kwamba haitapita miaka mingi karafuu nazo zitaruka hivyo hivyo kutoka shamba mpaka mizani. Mzee mmoja akamjibu kuwa afadhali zisije kabisa, maana hata hizi ndogo za kupigia picha, zinazorushwa pwani kwa ajili ya wageni, hupita juu ya nyua za watu wakati wake zao wamo ndani. Baraza ikagawanyika. Tukaulizwa rai yetu, nasi twaitoa hapa ili kila mwanachama aisome na aipime.

Khabari ya karafuu kuruka tuimalize upesi. Mwaka 2018 kampuni ya DHL, pamoja na Wingcopter na shirika la Kijerumani la GIZ, zilijaribu ndege ya namna hii baina ya Mwanza na kisiwa cha Ukerewe kwa muda wa miezi 6. Ndege ile ilichukua kilo 4. Basi gunia moja la kilo 50 lingetaka safari 13, na mwenye magunia 10 angefika msimu wa pili bado anahesabu safari. Wenye malori na walale usingizi wao.

Lakini ndege ile ya Ukerewe haikupelekwa kuchukua magunia. Ilichukua dawa. Kutoka bara mpaka kisiwani ni kilomita 60 kwa njia ya anga, nayo ilikwenda kwa kiasi cha dakika 40, na njia ya gari ya kuzunguka ni kilomita 240. Huko Rwanda kampuni ya Zipline ilianza kazi mwaka 2016, na mzigo wake wa kwanza ulikuwa damu. Hospitali hutuma khabari kwamba yataka damu ya kundi fulani, ndege hurushwa, ikifika juu ya hospitali huangusha kifurushi chenye mwavuli wa karatasi, kisha hugeuka kurudi bila ya kutua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kuwa damu iliyokuwa ikiharibika kwa kupitwa na muda katika hospitali zile ilipungua kwa theluthi mbili, kwa kuwa hapakuwa tena na haja ya kila hospitali kujiwekea akiba kubwa.

Hapo ndipo sisi wenye mikarafuu tunapoingia. Hapana mwanachama asiyejua khatari ya mti huu. Ni mrefu, na tawi lake huvunjika bila ya kumwonya mtu. Wazee wa Kizimkazi na Makunduchi, waliokuwa wakitoka kusini kila msimu kwenda kuchuma katika mashamba ya watu, waliijua khatari hiyo miilini mwao. Msimu mmoja tulikuwapo katika shamba la Pemba alipoanguka kijana mchumaji. Tulimtia juu ya kitanda cha kamba, tukambeba mpaka barabarani, tukasimamisha gari la makonyo likamfikisha hospitali, na huko tukaambiwa damu ya kundi lake haipo. Ndugu zake wakatafutwa vijijini mmoja mmoja mpaka akapatikana wa kumtolea. Alipona, alhamdulillahi, lakini mtini hapandi tena. Saa zile za kungoja hatutaki kuziona mara ya pili.

Kwa Kizimkazi yenyewe hatuoni haja kubwa, maana barabara ipo na gari hufika mjini. Haja iko Pemba, na katika visiwa vidogo kama Kojani na Kisiwa Panza, ambako usiku wa kusi hata chombo hakiondoki. Kutoka Nungwi mpaka Mkoani ni kiasi cha kilomita 60 hizo hizo za Ukerewe. Wala vijana wetu si wageni wa kazi hii. Kuanzia mwaka 2016 vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walirusha ndege kama hizi wakapiga ramani ya Unguja na Pemba, na mwaka 2019 zilirushwa juu ya mabonde ya mpunga ya Cheju kumwagia dawa ya kuzuia viluwiluwi vya mbu.

Hata hivyo tusiwe wepesi wa kushangilia. Kampuni hufuata faida, na ikichoka huondoka. DHL iliusitisha mradi wake wa ndege hizo mwaka 2021. Nasi tuna kumbukumbu yetu hapa hapa: gari la moshi la Bububu lililojengwa na kampuni ya Kimarekani mwanzoni mwa karne iliyopita, ambalo watu walijazana kulipanda, na miaka ya 1920 haikwisha ila limekwisha. Abiria wa Bububu walipata motokaa. Mgonjwa aliyezoeshwa damu ya kuletwa na ndege atapata nini kampuni ikifunga virago?

Na yule mzee wa Kizimkazi ana haki yake. Ndege ya dawa haina haja ya kamera ya kutazama nyua, na njia yake yaweza kuwekwa juu ya bahari na mashamba badala ya kupita juu ya nyumba.

Basi katika mkutano ujao tutawaletea wanachama pendekezo la barua kwa Wizara ya Afya, na nakala kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Itaomba majaribio ya kupeleka damu Pemba wakati wa msimu wa kuchuma, warushaji wawe vijana wa hapa, mkataba useme nani ataendesha kazi kampuni ikiondoka, na njia za kupita zitangazwe kwa masheha kabla ya ndege ya kwanza kuruka. Mwanachama mwenye neno la kuongeza au la kupinga na alilete kwa Katibu kwa maandishi, na wanachama wa Kizimkazi wamlete na yule mzee.