Tela la Pikapu: Breki Kwanza, Tani Baadaye

Mkulima wa alizeti mkoani Singida anapotaka kuhamisha mashine ya kukamulia mafuta, au mchimbaji mdogo anapohamisha karasha la kusagia mawe ya dhahabu, mara nyingi hutegemea pikapu yenye tela nyuma. Afikapo kwa fundi, swali lake la kwanza ni hili: tela litabeba tani ngapi? Swali hilo si baya, ila limetangulizwa mno. Lililo kubwa zaidi ni kama gari litaweza kulisimamisha.

Na ichukuliwe kwamba tela na mashine yake vina uzito wa kilo 2,000. Likishuka kimo cha mita 100 katika mteremko kama ule wa Sekenke wilayani Iramba, katika barabara iendayo Nzega, ambao dereva yeyote hauendei kwa mzaha, tela hilo hupoteza nishati tuli ya jouli milioni 2. Mwendo usipoongezeka, sehemu kubwa ya nishati hiyo hugeuka joto katika breki. Joto la kiasi hicho latosha kuchemsha lita 6 hivi za maji. Tela lisilo na breki zake huzitwika breki za pikapu joto hilo, juu ya lile la pikapu yenyewe. Nazo zikipata moto kupita kiasi hupoteza mshiko. Kushuka kwa gia ya chini ni busara, lakini injini ndogo nayo ina kikomo.

Ndiyo maana watengenezaji wa pikapu nyingi huruhusu tela lisilo na breki lisizidi kilo 750 hivi pamoja na mzigo, ilhali lenye breki zake huweza kuruhusiwa tani 2 au 3. Tela kubwa lililoundwa kwa ekseli ya gari kuukuu, bila breki, ni rahisi kwa bei tu. Afadhali dogo lenye breki.

Lipo pia suala la mahali pa mzigo. Katika tela la ekseli moja, yafaa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote iegemee kiungo cha gari. Yaani kilo 200 hadi 300 kwa tela lililotajwa, nazo zihesabiwe katika mzigo wa pikapu. Mashine ikiwekwa nyuma ya ekseli, kiungo huinuliwa, matairi ya nyuma ya gari hupungukiwa mshiko, na tela huanza kuyumba kadiri mwendo unavyozidi.

Hii ndiyo kanuni ya momenti ifundishwayo shuleni, na inashangaza kwamba mifano yake haitoki barabarani. Mizani ya kupimia magunia ya alizeti yaweza kuwekwa chini ya pua ya tela, nalo likiwa limesimama sawa na magurudumu yamezuiwa kwa mawe. Wanafunzi wasome kilo, kisha mashine isogezwe nyuma nusu mita, wasome tena.