Motokaa Yako: Cheche Imepotelea Wapi?

Motokaa kuukuu ikikataa kuwaka asubuhi maziwa yakiwa yamekwisha pakiwa, mwenyewe huona haraka kuliko faida. Leo hununua betri, kesho kabureta, na motokaa ingali papo hapo. Tafuta kwanza mahali cheche ilipopotea, ndipo ufungue mfuko wako.

Tutwae mfano wa Land Rover ya petroli ya Series II, iliyotoka mwaka 1958, yenye silinda nne. Umeme wa betri ni volti 12 tu. Pointi zilizo ndani ya distributa zikiachana, koili huukuza umeme huo ukapita volti 10,000, na rota huugawia kila plagi kwa zamu yake. Basi fuata njia hiyo kinyumenyume.

Kwanza, ikiwa stata yazungusha injini vizuri, toa plagi moja, iunge na waya wake, uilaze juu ya chuma cha injini, mbali na tundu lake na mbali na petroli. Usiishike kwa mkono. Mwenzako azungushe injini. Cheche ya buluu yenye nguvu ikionekana, kosa huenda liko kwenye petroli au katika majira ya cheche.

Kama hakuna cheche, chomoa kwenye kifuniko cha distributa ule waya wa katikati utokao katika koili. Ushike kwa koleo yenye mpini wa mpira, ncha yake iwe kama milimita 6 kutoka kwenye chuma. Cheche ikiruka hapa, mshitakiwa ni kifuniko, rota, au nyaya za plagi. Futa unyevu, hasa siku za mvua, ukatazame ufa mwembamba au mstari mweusi ndani ya kifuniko. Ukiuona, kitupe.

Isiporuka, zitazame pointi. Zikiwa na mafuta, zipanguse. Zikiwa zimeungua kidogo, zisugue kwa tupa laini. Zinapofunguka kwa upana wa mwisho, nafasi yake iwe inchi 0.014 hadi 0.016. Motokaa ya namna nyingine ifuate kitabu chake. Pointi mpya zikiungua upesi, ishuku kondensa, ambayo bei yake ni ndogo mno kuliko ya betri. Pointi na kondensa zikiwa njema, mpe fundi koili aipime.

Mambo mawili usiyasahau. Usiache swichi wazi injini ikiwa imesimama, kwani koili na pointi huweza kuungua. Tena, ukibadilisha nyaya, badilisha mmoja mmoja, maana zamu ya injini hii ni 1, 3, 4, 2. Ukizichanganya, hata plagi mpya hazitakufaa.

Ajuaye njia ya cheche huenda kwa fundi na swali moja, wala hauziwi vipuri asivyovihitaji.