Kipande cha lesi nacho ni amana



Leo tuzungumze sisi tunaoshona nyumbani. Sisi ambao cherehani imekaa ubavuni mwa kitanda, shanga zimo kwenye kikombe cha chai, na vitambaa vya wateja viko juu ya kabati pamoja na mashuka yetu. Tukiulizwa kwa nini hatupangi, jibu ni lile lile: hatuna pesa za kununua makabati. Na sisi tulilitoa jibu hilo miaka mingi. Siku hizi tunaona halina ukweli.

Aliyetuzindua ni bi harusi mmoja. Alileta lesi nyeupe, akatuambia kitakachobaki tumshonee mtandio. Gauni likaisha vizuri, kipande hakionekani. Tulipekua mifuko yote, tukalaumu watoto, mwisho tukaenda Mchangani duka kwa duka. Lesi nyeupe zipo tele, lakini ile yake haikuwepo. Siku ya harusi akavaa mtandio usioendana na gauni. Hakutugombeza, na hilo ndilo lililotuuma zaidi. Wiki ya tatu tukakiona, kimezongwa ndani ya dera la mteja mwengine, na kimeshaingia ukungu. Tulimrejeshea hivyo hivyo, tukamuomba radhi na kumrudishia nusu ya pesa za ushoni.

Hapo ndipo tunapotaka kusema jambo ambalo baadhi ya mafundi wenzetu hawatalipenda. Tumezoea kuambiana kuwa mabaki ni haki ya fundi. Si haki yetu mpaka mwenyewe aseme. Sura An-Nisaa, aya ya 58, inatuamrisha tuzirejeshe amana kwa wenyewe, na kipande cha lesi nacho kina mwenyewe. Sasa tutarejesha vipi kitu ambacho hata hatujui kiko wapi? Ndiyo maana kwetu sisi kupanga vifaa si urembo wa chumba. Ni katika kutimiza amana.

Na pesa nyingi haziendi. Sisi tulianza na vilivyomo ndani. Kila mteja ana mfuko wake, tumeushona wenyewe kwa kanga kuukuu. Ndani kinaingia kitambaa, zipu, vifungo na karatasi yenye jina, vipimo, tarehe ya kuchukua na mita alizoleta. Mabaki yanarudi humo humo siku ile ile ya kukata, hata yakiwa ya shubiri moja. Akija kuchukua nguo, tunamuonesha. Akisema "chukueni", tunachukua kwa moyo safi.

Shanga na vifungo tunavitia kwenye machupa ya jemu, maana chupa inaonesha kilichomo. Nyuzi tumezichomeka kwenye misumari iliyopigiliwa ubaoni, rangi kwa rangi. Sindano na pini ndizo za kuogopwa zaidi kwenye nyumba yenye watoto, kwa hiyo zina kopo moja lenye kifuniko, na tunazihesabu kabla ya kufagia. Kisiwani kwetu unyevu haututoki, na masika ndiyo usiseme, sindano zinashika kutu haraka. Tunaziviringisha kwenye kitambaa kilichopakwa mafuta kidogo ya cherehani, na tunazifuta vizuri kabla ya kushonea. Vitambaa vyeupe hatuviachi ndani ya nailoni. Tunavifunga kwa shuka kavu la pamba, tunavitoa vipate hewa, na kwenye sanduku tunaweka karafuu chache ndani ya kifuko ili wadudu wasisogee.

Hatusemi kununua maboksi mazuri ni vibaya. Aliyejaaliwa anunue. Lakini wengi wetu tunayaona kwenye simu, tunakwenda Darajani kuyanunua, na mwezi unaofuata yamejaa fujo ile ile. Hiyo ni israfu, na dini yetu imetukataza. Kwanza tutoe kila kitu, tujue tuna nini. Sisi tulikuta mikasi minne na futi sita, zote tulizinunua kwa sababu ya kwanza haikuonekana!

Nanyi mabibi harusi, tusaidieni. Mkileta kitambaa, kipimeni mbele ya fundi, idadi ya mita iandikwe, na msione haya kuuliza mabaki. Kuuliza si kumshuku mtu. Fundi mwaminifu atafurahi, kwa sababu na yeye anajikinga na dhana mbaya.

Tusisubiri kabati. Leo baada ya Isha tuanze na mfuko mmoja tu wa mteja, kesho mwengine. Allah atuwafikishe kutunza amana za watu na atie baraka katika kazi za mikono yetu. Amin.