Asiyepima anabahatisha na pesa yako
Wasee, gari ya mjomba ilisema joto la nje ni -40. Nairobi, saa saba mchana! AC nayo ikagoma. Fundi akataka kubadilisha kompresa, na mjomba alishaanza kugusa karo ya binti yake.

Nikalala chini ya bampa ya mbele na mita. Sensa hukaa huko. Joto likipanda, ukinzani wake wa umeme hushuka. Waya ikikatika, kompyuta hudhani ni baridi kali na kuzima kompresa. Sensa ilikuwa poa. Waya ndiyo ilikuwa imekatika. Kuunganisha, dakika kumi.

Niliacha chuo, sina cheti. Lakini fundi asiyepima, hata akiwa na vyeti kumi, anabahatisha tu. Kabla ulipe, mwambie akuonyeshe mita imesema nini.