Mji Twautembea, Watoto Tumemwachia Nani?

Kila ufikapo mwezi wa Juni na shule zikafungwa, nyumba nyingi za Temeke na Kinondoni hujaa wageni. Ndugu zetu huja na watoto wao kutoka Tanga, Lindi, Tabora na Kigoma, wakafikia Tandika, Mbagala au Mwananyamala, na kila mmoja ana hamu ya kuuona mji: Maonyesho ya Sabasaba katika Barabara ya Kilwa, Makumbusho ya Taifa, maduka ya Kariakoo na pantoni ya Kigamboni. Kumkirimu mgeni ni katika dini yetu, na kumtembeza ni katika ukarimu. Lakini asubuhi ya matembezi huwapo swali ambalo aghalabu halisemwi: watoto wadogo watabaki na nani?

Halisemwi kwa kuwa desturi imekwisha kulijibu. Atabaki msichana wa kazi, au binti mkubwa wa mwenye nyumba, au bibi yao. Hakuna aliyewauliza. Watu wazima huvaa wakatoka, na nyuma yao huachwa mtoto mchanga, wenziwe wanaotambaa na wanaokimbia, jiko la mkaa uani, bodaboda zikipita mlangoni, na msichana ambaye pengine hajatimiza miaka 14. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yakataza kumwajiri aliye chini ya umri huo. Basi huyo tuliyemwachia watoto ni mtoto mwenyewe, naye ahitaji wa kumwangalia.

Si aibu wala si dhambi kumkabidhi mtoto kwa mlezi. Mtume wetu (s.a.w.) alilelewa utotoni na Bibi Halima, mbali na mama yake. Qur'ani Tukufu, katika Suratul Baqara aya ya 233, yawaruhusu wazazi kumtafutia mtoto wao mnyonyeshaji, maadamu wamlipe haki yake kwa wema. Tazameni, wasomaji wetu: ruhusa na ujira vimetajwa pamoja. Mtoto ni amana, na mzazi akimweka kwa mwingine, dhima haimtoki shingoni.

Kwa hiyo yapasa mgeni aulize mapema, walau usiku wa kuamkia siku hiyo: "Shangazi, utaweza kukaa nao mpaka alasiri?" Na shangazi akisema hawezi, isiwe chuki. Mlezi na awe mtu mzima mwenye nafasi; aelezwe mtoto ala nini, ana dawa gani, wazazi wanakwenda wapi na watarudi saa ngapi, na aachiwe namba ya simu. Saa iliyotajwa na itimizwe. Ama msichana wa kazi aliye mtu mzima, huyo hakuajiriwa kwa ajili ya watoto wa wageni. Kazi yake ikizidi, na ujira wake uzidi, tena alipwe siku ile ile.

Na iwapo hapana wa kumwachia, twende nao. Mtume (s.a.w.) aliswali hali amembeba mjukuu wake Umama, na aliposikia kilio cha mtoto aliifupisha Sala kwa kumhurumia mama yake. Ikiwa Sala ilifupishwa kwa ajili ya mtoto, itakuwaje matembezi yashindwe kufupishwa? Mahali pamoja kwa siku moja patosha. Makumbusho ya Kijiji, pale Kijitonyama, pana nyumba za asili za makabila mbalimbali na uwanja wa kutembea. Penye msongamano kama Sabasaba, mtoto awe na karatasi yenye namba ya simu ya baba mfukoni, na baba na mama wapokezane: mmoja akiingia kutazama, mwenziwe akae na watoto kivulini. Tena tuondoke mapema, maana jioni mabasi ya kwenda Mbagala na Tegeta hujaa hata mtu mzima akahangaika. Na Mtume ametuagiza tuwaweke watoto ndani usiku unapoingia.

Liko jambo moja tusilolipenda kulisikia. Zimo nyumba za Temeke ambamo binti mkubwa hajapata kuingia Sabasaba, ijapokuwa husikia ngoma zake kutoka barazani. Kila mwaka kaka zake huwatembeza wageni, naye hubaki na watoto wao, akasifiwa kuwa ana adabu. Adabu anayo, lakini haki yake iko wapi? Mtume (s.a.w.) ametuamuru tufanye uadilifu baina ya watoto wetu, wala hakuwatoa mabinti.

Basi enyi akina baba, safari hii mtoeni binti huyo aende pamoja na mama na shangazi zake, na ninyi mbaki nyumbani na wadogo. Mtajua uzito wa kazi mliyokuwa mkimpa bila ya kumuuliza. Mwenyezi Mungu atujaalie kuzitunza amana zetu. Amin.